Je, Wajua Kwa Nini Utafiti wa Vyuo vya Biashara Hausomwi Sana na Wafanyabiashara?

Orodha ya matokeo ya utafiti ya taasisi yoyote ya biashara na menejimenti hujaa makala za majarida ya kitaaluma, kisha hufuata sura za vitabu, ripoti, mada zilizowasilishwa makongamanoni na tasnifu za uzamivu. Meneja atakayeipitia atakuta mambo yanayomgusa moja kwa moja: namna ya kuwalipa wafanyakazi, sababu zinazowafanya wateja wahame, jinsi kampuni za familia zinavyorithishwa. Akifungua makala yenyewe, hata hivyo, kurasa za mwanzo ni mjadala wa nadharia, za katikati ni majedwali ya takwimu, na lile analolitafuta, yaani afanye nini, hulipata katika aya mbili za mwisho, tena likiwa limezungushiwa tahadhari kila upande. Inakuwaje taasisi iliyoundwa kwa ajili ya biashara iandike hivyo?

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. ESCP ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1819, na za Marekani, Wharton ya mwaka 1881 na Harvard Business School ya mwaka 1908, zilikusudiwa kuandaa watu wa kuendesha shughuli, na kwa miongo mingi mafundisho ya vyuo vya aina hiyo yalikuwa zaidi maelezo ya yale ambayo kampuni zilikuwa zikifanya. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili nchini Marekani: moja ya Robert Gordon na James Howell, iliyogharamiwa na shirika la hisani la Ford Foundation, na nyingine ya Frank Pierson, iliyogharamiwa na shirika la hisani la Carnegie. Zote mbili zilivilaumu vyuo vya biashara kwa viwango duni na kwa utafiti hafifu. Ford Foundation haikuishia kulaumu, bali ilitoa fedha nyingi za kuvigeuza, na vyuo vikaanza kuajiri wanauchumi, wanasaikolojia, wanasosholojia na wanahisabati. Wasomi hao walikuja na desturi za fani zao: kuanza na dhana inayoweza kupimwa, kukusanya data, na kuikabidhi kazi kwa wenzao waikosoe kabla haijachapishwa. Tangu hapo msomaji wa kwanza wa utafiti wa menejimenti amekuwa msomi mwingine.

Hilo si kosa kama wengi wanavyodhani, kwa sababu maswali ya biashara ni magumu kuyajibu kuliko yanavyoonekana. Tuseme kampuni zinazofanya mikutano ya kila asubuhi zina faida kubwa kuliko zisizoifanya. Je, mikutano ndiyo iliyoleta faida, au kampuni zenye faida ndizo zenye nafasi ya kukaa mikutanoni? Pengine zote mbili zimetokana na mwenye kampuni aliye hodari, na mikutano haina lolote. Isitoshe, anayechunguza kampuni zilizofanikiwa peke yake hawezi kujua ni ngapi zilifanya mambo yale yale zikafilisika. Yale majedwali yanayomchosha meneja yapo hasa kwa ajili ya kufunga mianya ya namna hiyo, na vitabu vingi vya ushauri wa biashara hupendeza kusoma kwa sababu huiacha wazi.

Mfano mzuri wa gharama ya kupata jibu la hakika ni jaribio lililoanza mwaka 2008 katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, likiwahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Benki ya Dunia. Viwanda 14 vilipatiwa bure washauri wa menejimenti kwa miezi kadhaa, navyo 6 vikafanyiwa uchunguzi tu ili viwe vya kulinganishwa. Mambo yaliyofundishwa yalikuwa ya kawaida kabisa: kuandika kila hitilafu ya mashine, kupanga bohari la nyuzi, kuweka sakafu safi. Katika mwaka wa kwanza tija ya viwanda vilivyoshauriwa ilipanda kwa asilimia 17. Kwa kuwa viwanda vilichaguliwa kwa bahati nasibu, hapa mtu anaweza kusema bila kigugumizi kwamba chanzo kilikuwa menejimenti. Makala yake ilitoka mwaka 2013, miaka mitano baada ya kazi kuanza.

Ucheleweshaji huo hautokani na kazi ya uwandani pekee. Makala ikishatumwa, mhariri anaweza kuikataa papo hapo au kuipeleka kwa wahakiki wawili au watatu wasioambiwa mwandishi ni nani. Hao huirudisha ikiwa na orodha ndefu ya marekebisho, mara nyingi zaidi ya mara moja, na majarida makubwa ya fani hii hukataa zaidi ya makala tisa katika kila kumi.

Kuna sababu nyingine, ambayo mimi naiona kuwa na uzito zaidi siku hizi, nayo ni namna kazi hii inavyohesabiwa. Kamati ya kupandisha walimu vyeo ni nadra kupata muda wa kusoma kila makala, kwa hiyo hutazama jina la jarida. Gazeti la Financial Times hutumia orodha ya majarida 50 katika kupanga vyuo vya biashara kwa ubora. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas kina orodha ya majarida 24. Nchini Uingereza upo mwongozo unaoyapa majarida daraja kuanzia 1 hadi 4, na nyota juu yake kwa yale machache ya kileleni. Mhadhiri kijana anayejua kwamba ajira yake inategemea orodha hizo atachagua swali linalopendwa na wahariri, na akilini mwake meneja wa kiwanda hana nafasi kubwa. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka watafiti wasipimwe kwa umaarufu wa jarida, na taasisi nyingi zimelitia saini, ingawa orodha zinaendelea kutumika.

Pamoja na hayo, utafiti huu hufika mitaani kwa njia za pembeni: kupitia wanafunzi, washauri, na majarida ya lugha nyepesi kama Harvard Business Review, lililoanza mwaka 1922. Makala ya wanauchumi Fischer Black na Myron Scholes kuhusu kukadiria bei ya mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa ilikataliwa kwanza, ikachapishwa mwaka 1973, na muda si mrefu wachuuzi wa mikataba hiyo walikuwa wakiitumia kanuni yake sokoni. Alvin Roth, akiwa profesa wa uchumi na wa biashara Harvard, aliandika na wenzake kuhusu namna ya kubadilishana watoaji wa figo pale figo ya ndugu aliye tayari kuitoa isipomfaa mgonjwa. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa namna hiyo katika eneo la New England, Marekani. Hakuna daktari aliyelazimika kuzisoma hesabu zake zote.

Uingereza imejaribu kuzipa njia hizo za pembeni thamani rasmi. Katika tathmini yake ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2014, athari za utafiti nje ya vyuo zilibeba asilimia 20 ya alama, na katika ile ya mwaka 2021 zikapandishwa hadi asilimia 25, kwa hiyo taasisi za menejimenti hulazimika kuonyesha kwa ushahidi ni kampuni ipi au sera ipi iliyobadilika kwa sababu ya kazi yao. Machapisho yenyewe yalishuka kutoka asilimia 65 hadi asilimia 60.