Je, wajua? Kwa nini mzee akipumzishwa kabisa ndo anazidi kunyong'onyea

Wengi tunaamini mtu akishazeeka heshima yake akae tu, aletewe chai, aletewe chakula, asiguse kitu. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Bibi yangu kule Wete alipoteleza uani tukamwondolea kila kitu, ufagio, mbuzi ya nazi, hata kuku hatukumwachia awalishe, tukaona ndo tunamhurumia. Haikupita miezi mingi akawa anaamka saa nne, hasemi na mtu, anauliza leo siku gani. Tukasema uzee huo.

Kumbe haukuwa uzee peke yake. Jirani anayeuza mbaazi za asubuhi alimletea ungo mmoja, akamwambia bibi nichagulie mawe, mimi nikitoka shamba nishachoka. Basi toka siku ile kila baada ya alasiri ungo unakuja, na ukichelewa kidogo tu bibi yuko mlangoni, "mbona leo hawajaleta?"

Sasa jambo dogo vile linamshikaje mtu? Nilidhani lazima upate kwanza lengo kubwa la maisha halafu ndo ufanye kazi. Angalia kamba ya usumba. Makumbi yakishafukuliwa pwani na kupondwa, uzi wake mmoja ni mfupi, ukiuvuta unakatika, na kwenye kamba nzima hakuna hata uzi mmoja unaotoka mwanzo mpaka mwisho. Kinachoshika ni kwamba huu haujaisha mwengine umeshaingia, wanabanana, na hapo kamba inafunga ngalawa. Ungo wa leo ndo hivyo, haujamalizika bibi keshaanza kuungoja wa kesho. Ndo maana sadaka kubwa ya mara moja kwa mwaka, pamoja na uzuri wake, haimwamshi mtu asubuhi ya kesho yake.

Wataalamu wameligusa hili. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wa nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani: wazee wa ghorofa moja walipewa mmea wautunze wenyewe na waamue mambo yao, wa ghorofa nyengine mmea wao ulimwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Baada ya miezi 18 walikuwa wamekufa 7 kati ya 47, wale wengine 13 kati ya 44. Watu wanapenda kuishia hapo, lakini hesabu ilikuja kusahihishwa na ile tofauti ya vifo ikawa dhaifu, tena walipewa na uhuru wa kuamua, kwa hiyo usiseme mmea unaongeza umri.

Kanada nako, utafiti wa 2008, watu 46 walipewa dola 5 au 20. Waliozitumia kwa ajili ya wengine ndo waliokuwa na furaha zaidi jioni kuliko waliojitumilia wenyewe, na kiasi hakikuleta tofauti. Hili linanifurahisha sana, dola 5 ilifanya kazi sawa na 20!

Ila lazima pawe na mtu anayekingoja kweli hicho unachofanya. Siku moja jirani alisafiri, mjomba akamhurumia bibi, akatia mawe kwenye mchele wetu makusudi ili apate cha kuchagua. Bibi akauvuta ungo, akapepeta mara moja, akamtazama.

"Mwanangu, mchele huu jana ulikuwa safi. Leo nani anaungoja?"