Ufadhili uliolala kwenye makabrasha ya AMCOS

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, benchi la nje ya ofisi yangu hapa Tabora hujaa. Swali ni lilelile: "Mwalimu, ufadhili gani umetoka?" Nimefanya kazi ya ushauri nasaha shuleni kwa miaka mingi, na jibu langu huwa halipendezi: ule ulio karibu nawe ulishapita, na hakuna aliyeutangaza.

Bodi ya Mikopo wanaijua wote. Wa sayansi wanaijua na Samia Skolashipu iliyoanza 2022. Ombeni, sikatazi. Ila mkopo ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, na Samia Skolashipu ni ya wale wa kileleni. Mimi nina habari na yule wa daraja la pili kutoka Urambo au Kaliua, aliyepewa mkopo nusu akabaki na pengo. Pengo hilo huzibwa na hela za karibu: chama cha msingi cha wakulima cha baba (ndiyo AMCOS), SACCOS ya mama, yaani chama cha kuweka na kukopa, parokia, msikiti, halmashauri.

Nikae kidogo kwenye AMCOS, maana huku kwetu tumbaku ndiyo inayosomesha. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja na binti yake. Amelima tumbaku tangu binti hajazaliwa. Nikamuuliza kama chama chake kina fungu la elimu. "Hapana mwalimu, sisi wanatupa mbolea tu." Nikamwomba makabrasha ya mkutano mkuu. Wiki iliyofuata akarudi na bahasha ya kaki iliyolainika kwa jasho. Ukurasa wa tatu wa makisio, chini ya posho za vikao, paliandikwa: elimu na maendeleo ya jamii. Mzee alikuwa ndani ya ukumbi siku hiyo, kanyoosha mkono kupitisha, kanywa soda, kasaini mahudhurio.

Binti akaandika barua siku ileile. Ikajibiwa kwamba fungu limeshapangiwa madawati. Na hapo ndipo wengi wanapokwama: bodi ya chama haina ruhusa ya kutoa hela ambayo haimo kwenye makisio, na makisio hupitishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Barua inayofika baada ya mkutano hukuta kila shilingi ina mwenyewe. Kwa hiyo usisubiri matokeo. Mwulize mzazi mkutano unakaa lini, peleka barua kabla, ukiwa bado kidato cha tano ikibidi, halafu mzazi asimame aiulizie palepale mbele ya wenzake. Barua peke yake huishia kwenye droo ya karani.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawajalishtukia. Zamani mifuko midogo ya kata na ya makanisa ilikuwa inalipa ada ya kidato cha tano na sita. Ada hiyo shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Lakini katiba za mifuko hiyo, nyingine, zimebaki zilivyokuwa, na hela inatafutiwa matumizi. Mtu akienda kwa adabu kwa mwenyekiti au kwa mtendaji wa kata akapendekeza ihamie kwenye vyuo, husikilizwa. Nimeona ikifanyika zaidi ya mara moja.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. "Naomba mnisaidie chochote" ni sentensi inayoua maombi, kwa sababu mjumbe hajui aandike shilingi ngapi. Andika: ada ya chuo ni kiasi hiki, Bodi imenipa kiasi hiki, kilichobaki ni hiki. Ambatisha karatasi ya ada kutoka chuoni. Kama unakwenda Dodoma, weka nauli ya treni na bei ya godoro. Wazee wa kamati wanajua bei ya godoro kuliko wanavyojua ada za vyuo, na wakiikuta ni ya kweli wanaiamini na ile nyingine. Ukipata, itaje kwenye fomu za Bodi, usifiche.

Anayekuuzia fomu ya ufadhili kwa hela mkimbie.

Mwisho ni vyeti, na hapa ndipo ninapochoka. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nyamizi, cha kidato cha nne kinasema Nyamisi, barua ya mtendaji ina jina la ubatizo. RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, wanahakiki, Bodi wanalinganisha, na kamati ya kijijini nayo siku hizi imejanjaruka. Kurekebisha kunataka kiapo, wakati mwingine safari mbili za wilayani, na kati ya Julai na chuo kufungua hakuna nafasi hiyo. Mwanafunzi mmoja wangu alipitishwa na kamati, hela ipo, hundi ikaandikwa jina ambalo benki haikulitambua.

Sasa Jumamosi moja kila muhula nawaita wa kidato cha tano na vyeti vyao vyote. Tunavitandaza mezani, tunasoma jina herufi kwa herufi, kwa sauti. Mwaka huu kijana wa kwanza kukaa alikuwa na majina matatu, na lile analoitwa nyumbani halimo hata moja.