Kufidia masomo ni nini hasa?

Mwalimu akikosa kuingia darasani Jumanne, Alhamisi huomba muda wa ziada na kufundisha kile alichopaswa kufundisha. Hiyo huitwa kufidia vipindi, na hesabu yake ni nyepesi: dakika 40 zimepotea, dakika 40 zimerudi. Tatizo huanza pale maneno yaleyale yanapotumika kwa mtoto aliyekaa nje ya shule miezi sita kwa sababu ya ugonjwa, vita, mafuriko au umaskini. Kwake hesabu ya dakika haifai kitu.

Kufidia masomo ni kumrudishia mwanafunzi ujuzi alioukosa, kwa mpango unaoanzia pale alipo, mpaka aweze kufuatana na wenzake. Uzito wote umo katika hayo maneno "pale alipo".

Mtoto aliyekatishwa masomo hupungukiwa kwa namna tatu, na wengi wetu huziona mbili tu. Kuna kusahau: alijua kugawanya, sasa mazoea yamemtoka. Hilo hupona upesi kwa marudio. Kuna kukosa: wenzake walifundishwa sehemu za namba, kama nusu na robo, yeye hakuwepo. Bila sehemu, asilimia hazieleweki, uwiano haueleweki, na aljebra inakuwa kubahatisha. (Si kila somo liko hivyo. Aliyekosa mada moja ya historia mara nyingi huielewa inayofuata. Hisabati na kusoma havisamehi.) Kisha kuna kuachwa, na huku hutokea baada ya mtoto kurudi. Yumo darasani, anahudhuria kila siku, anaitikia jina lake, lakini somo linasonga na kila wiki umbali unaongezeka.

Kuachwa ndiko kunakoumiza zaidi. Tetemeko la ardhi la Oktoba 2005 kaskazini mwa Pakistan lilifunga shule za eneo lile kwa takriban wiki 14. Watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto miaka minne baadaye. Familia zilikuwa zimeinuka tena na shule zilikuwa wazi, lakini watoto waliokaa karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo, au zaidi. Wiki 14 peke yake haziwezi kuzaa pengo la ukubwa huo. Yaelekea liliendelea kukua baada ya milango kufunguliwa, labda kwa kuwa walimu waliendelea na mada za darasa huku watoto hawana msingi wa kuzibeba. Na kuna jambo moja ambalo kila anayepanga elimu angelitafakari: watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi hawakuonekana na pengo hilo.

Ndiyo maana kufungwa kwa shule mwaka 2020, kulikowatoa darasani wanafunzi wapatao bilioni 1.5 duniani kote, hakukuisha siku kengele ilipolia tena. Lakini tusiubebeshe ugonjwa wa korona kila kitu. Mwaka 2019, kabla haujaenea, Benki ya Dunia ilikuwa tayari imekadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi rahisi. Mwaka 2022 makadirio yalifika watoto 7 kati ya 10. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kuacha shule. Walikosa masomo wakiwa wamekaa dawatini.

Kufidia kunakofaa kunafanyikaje? Njia iliyopimwa sana ni ya shirika la Pratham la India, ya kufundisha kwa kiwango cha mtoto. Kila mtoto anapimwa ana kwa ana, kwa dakika chache tu: anatambua herufi? anasoma neno? aya? hadithi fupi? Kisha watoto wanagawanywa kwa kile wanachoweza, bila kujali madarasa yao, na kwa sehemu ya siku hufundishwa hicho. Anayevuka kiwango anahamishwa kundi mara moja. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya 2019 pamoja na Michael Kremer, walitumia miaka mingi kupima mbinu hii, na majaribio kadhaa yalionyesha watoto wakipiga hatua kubwa kwa muda mfupi. Jambo la kutia moyo ni kwamba hata vijana wa kujitolea wenye mafunzo machache waliweza kuifanya.

Usichanganye kufidia na tuisheni, ambayo mara nyingi ni silabasi ileile kwa mara ya pili. Wala si elimu ya kuharakishwa, inayobana miaka kadhaa ya masomo katika muda mfupi kwa vijana waliopita umri wa darasa lao.

Sasa mabishano. La zamani kuliko yote ni kama mtoto aliyebaki nyuma arudie darasa. Wanaotaka arudie husema kumpandisha bila kujua ni kumdanganya. Wanaopinga husema atasikia masomo yaleyale kwa mwendo uleule, ataona aibu mbele ya wadogo zake, na huenda akaacha shule kabisa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinadhani jina la darasa ni kipimo cha ujuzi. Mtoto asiyejua kusoma hatajua kwa kukaa darasa la nne mara mbili, wala kwa kupelekwa la tano.

Bishano jipya zaidi ni hili: turudi nyuma kabisa, au tufundishe mada ya sasa na kuziba kila pengo pale linapohitajika? Kwa mwanafunzi aliyekosa mada mbili tatu, namna ya pili inafaa, na inamlinda asijione mjinga. Kwa asiyeweza kusoma sentensi, hakuna njia ya mkato, lazima kurudi.

Na nani alipe? Mwaka 2021 Marekani ilitenga takriban dola bilioni 122 kwa shule, na ikaagiza wilaya za elimu zitumie angalau asilimia 20 ya fungu lao kurejesha masomo yaliyopotea. Pale ambapo hakuna fungu kama hilo, kazi huangukia mfuko wa mzazi, na pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho linapanuka kila muhula. Wale mama wa Pakistan walikwisha kutuonyesha jinsi hilo linavyotokea.

Bishano gumu zaidi halizungumzwi sana, nalo ni la muda. Saa ya kufidia lazima itoke mahali: ama jioni mtoto akiwa amechoka, ama ndani ya ratiba, na hapo kuna mada ya silabasi itakayoachwa. Mwalimu anayejua kwamba nusu ya darasa lake haisomi bado atakaguliwa kwa kurasa alizofikia, na mtihani wa mwisho utauliza yote. Kumwomba afidie bila kumwandikia ni mada zipi aruhusiwe kuziacha ni kumwomba achague kati ya watoto wake na kazi yake.