Je, wajua nani anaing'arisha miji midogo ya Ireland?

Angalia picha za miji midogo ya Ireland, hata kale kamji kenye watu mia saba, kanisa moja na baa nne, utakuta kasafi mpaka unajiuliza kama kuna watu wanaishi humo kweli. Duka la nyama limepakwa njano, baa ya jirani bluu, inayofuata damu ya mzee, darajani kumepangwa vyungu vya maua na pembeni mwa barabara huoni hata kopo la soda. Wengi wetu tunamalizia haraka tu, Ulaya bwana, wana hela, halmashauri imeajiri wafagiaji basi. Halmashauri za kaunti zipo na zinafagia kweli, ila ule urembo wenyewe, yaani maua, bustani, mabenchi, ukingo wa mto uliofyekwa vizuri, kwa sehemu kubwa ni kazi ya wenyeji. Mwalimu mstaafu, dada wa duka la dawa, fundi bomba na vijana wawili walioburutwa na mama yao wanakutana jioni moja kila wiki baada ya kazi, wamevaa reflekta, mkononi kila mtu na koleo lake refu la kuokotea taka, na kwa vile mwezi wa sita kule jua linazama karibu saa nne usiku wanapata muda wa kutosha kabisa.

Kinachowatoa nyumbani, ukiacha mapenzi ya kwao, ni maksi.

Tangu 1958 Ireland ina mashindano ya kitaifa yanaitwa TidyTowns, ambapo miji na vijiji vinashindana kwa usafi na mandhari. Mwaka ule wa kwanza waliingia washiriki 52 tu, siku hizi ni zaidi ya 800 kila mwaka, na hapo tunaongelea nchi yenye watu milioni tano na kitu. Yaani ni ngumu kupata mahali penye posta na shule ya msingi halafu pasiwe na kamati ya TidyTowns au pasiwahi kuwa nayo.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilishika hivyo inabidi urudi miaka ya 50, maana Ireland ya wakati ule haikuwa hii ya makampuni makubwa ya kompyuta na mishahara minono. Kati ya 1951 na 1961 nchi ilipoteza watu kama 400,000 kwa kuhama, wengi walikimbilia Uingereza kujenga barabara na kufanya kazi hospitalini, mpaka sensa ya 1961 ikakuta wamebaki milioni 2.8 tu, idadi ndogo kuliko sensa yoyote ya nchi hiyo kabla au baada. Vijijini nyumba zimefungwa, rangi zimebanduka, vijana hawapo. Serikali ikaona utalii ndo utaleta hela, hivyo 1953 ikaanzisha tamasha la majira ya kuchipua linaitwa An Tóstal ili wageni waje hata kabla ya kiangazi, na sambamba nalo ikaja kampeni ya usafi nchi nzima, watu wahimizwe kufagia na kupaka rangi kabla mgeni hajafika. Mwanzo wenyewe haukukosa vituko, Dublin waliweka juu ya daraja la O'Connell bakuli kubwa lenye ndimi za moto za plastiki, watu wakalicheka sana, na haikuchukua muda mwanafunzi mmoja wa chuo akazing'oa zile ndimi akazitupa mtoni Liffey. Lakini ile kampeni ya usafi ilipendwa, basi 1958 shirika la utalii la Bord Fáilte likaigeuza mashindano yanayojitegemea. An Tóstal lenyewe likafifia, mashindano yakabaki. Mwaka 1995 yalihamishiwa wizara ya mazingira na sasa yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya vijijini, mdhamini wa miaka mingi ni supamaketi za SuperValu.

Sasa hayo maksi yanatolewaje? Hapa ndo kuna akili, na mimi naona ndo siri ya kitu kizima kudumu zaidi ya miaka 60. Kabla ya kiangazi kamati inajaza fomu, inachora ramani ya mji na kueleza miradi iliyofanya mwaka huo na inayotaka kufanya. Halafu inasubiri. Jaji anakuja wakati wa kiangazi bila kutoa taarifa, hajitambulishi, anaweza kuwa yule bwana aliyeshuka kwenye gari akanunua kahawa akazunguka na kikaratasi mkononi, wewe utajua kwamba alikuja siku matokeo yakitoka. Kwa hiyo huwezi kufanya ule usafi wa kusubiri kiongozi apite, unaokota taka leo na kesho kutwa unarudi tena kwa sababu hujui lini, na mvua ya Ireland nayo haikusaidii, nyasi zinakua ukizitazama.

Anachoangalia ni kingi kuliko takataka. Taka ni kipengele kimojawapo tu, kuna majengo na mitaa ya katikati, kuna maeneo ya kijani, mitaa ya makazi, barabara zinazoingia mjini (hizi zinawaangusha wengi, katikati panameta halafu njia ya kuingilia ina bango limechoka na shimo), kuna viumbe hai na uoto wa asili, kuna namna mji unavyopunguza uharibifu wa maji na umeme, na kuna kipengele kizima cha jinsi jamii yenyewe inavyojipanga, shule zinashirikishwa vipi, vijana wako wapi, mpango wa miaka mitatu upo au mnafanya kwa kubahatisha.

Mwisho wa yote kila mshiriki, hata aliyeshika mkia, anapewa ripoti ya maandishi. Ni kama ile ripoti ya shule, jaji anaeleza kila kipengele alichoona, anasifia bustani ya mbele ya kituo cha afya, anasema benchi la kando ya mto linahitaji rangi na kwamba vibao vya barabarani vimeota ukungu. Ripoti zinawekwa hadharani hivyo na jirani anasoma yako. Na maksi hazirukiruki, zinapanda taratibu, chache kwa mwaka, ukiongeza nne au tano watu wanasherehekea baa. Hii ndo inafanya kijiji ambacho hakina ndoto ya kushinda taifa kiendelee kuingia miaka 20 mfululizo, kwa sababu kinashindana na maksi zake za mwaka jana na pia na kijiji cha ng'ambo ya mlima ambacho walikuwa wanakifunga mpira tangu enzi za babu. Isitoshe washiriki wamegawanywa kwa idadi ya watu, kuna mshindi wa vijiji, wa miji midogo, miji mikubwa na maeneo makubwa ya mjini, halafu mmoja wao ndo anatawazwa mji nadhifu kuliko yote.

Na vidogo vinashinda kweli. Bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Glenties, kamji ka Donegal huko kaskazini magharibi, wakaazi hawafiki elfu moja, kikashinda tena 1959, 1960, 1962 halafu kikakaa zaidi ya miaka 30 kikachukua tena 1995. Kijiji cha Ardagh kaunti ya Longford kimechukua mara tatu, 1989, 1996 na 1998. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Abbey, kijiji kidogo cha Galway, na 2024 wakaja Ballincollig, ambao ni mji mkubwa tu pembeni mwa jiji la Cork, kwa hiyo usije ukafikiri ukubwa unazuia. Westport ya Mayo nayo imeshinda 2001, 2006 na 2008, ingawa wale wana bahati ya kurithi mji uliochorwa kwa mpango tangu karne ya 18, mto unapita katikati umepangwa miti huku na huku, ukianzia hapo kazi yako nusu imeshafanywa na marehemu.

Clonakilty, kule Cork magharibi, wao walipita njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Badala ya kutegemea maua tu walishikilia sura ya maduka, vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa mkono, vingi kwa lugha yao ya Kiayalandi, zile herufi za plastiki zenye taa ndani hazina nafasi kubwa. Walishinda 1999. Faida nyingine ni kwamba kibao cha mkono kinampa kazi fundi rangi wa pale pale.

Hela zinatoka wapi? Kidogo kidogo kila upande. Michango ya wafanyabiashara, bahati nasibu, mashindano ya maswali na majibu baa, ndoo ya kuchangisha getini kwa kanisa baada ya misa. Halmashauri ya kaunti huwa inabeba mifuko ya taka ikishajazwa na kutoa ruzuku ndogo, na 2017, kuelekea miaka 60 ya mashindano, serikali kuu ilitenga euro milioni 1.4 kugawia kamati, ila ukigawanya kwa mamia ya miji unaona kila mmoja anapata cha kununulia mashine ya kufyekea, toroli na miche, hakuna wa kutajirika hapo.

Kwa upande wa mikono kuna jambo ambalo stori nyingi za kusifia huwa zinaliruka. Sio wote wanaofanya kazi bure. Ireland ina mipango ya ajira ya serikali, kama Community Employment, Tús kwa waliokaa muda mrefu bila kazi na Rural Social Scheme kwa wakulima na wavuvi wa kipato cha chini, ambapo mtu anafanya kazi za jamii saa 19 na nusu kwa wiki na analipwa na serikali. Huyo jamaa unayemuona Jumatano asubuhi anakata nyasi za makaburi au anamwagilia vikapu vya maua mara nyingi ni wa mipango hiyo. Kamati ya kujitolea inapanga na kuongeza nguvu jioni na wikiendi, ila ukiondoa hawa wa saa 19 na nusu miji mingi ingepauka ndani ya msimu mmoja, tuseme ukweli.

Halafu kuna ile vita ya nyasi. Kwa miaka mingi unadhifu ulimaanisha nyasi fupi kama zulia, begonia na jeraniamu kwenye kila nguzo ya taa, na sumu ya magugu kwenye kila ufa wa lami. Septemba 2015 ukazinduliwa mpango wa kuokoa wachavushaji, yaani nyuki na wadudu wengine wanaobeba chavua toka ua hadi ua, kwa kisiwa chote, Jamhuri na Ireland Kaskazini pamoja, kwa sababu theluthi moja ya aina za nyuki wa porini, na wako aina zaidi ya 90, wamo hatarini kutoweka. Wataalamu wakawaambia wale mabingwa wa usafi maneno ambayo yaliwauma, kwamba yale maua yao ya vikapu karibu hayana chakula chochote kwa nyuki, na kwamba yale maua ya njano ya porini wanayoyang'oa kwa hasira kila mwezi wa nne ndo chakula muhimu cha nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, wanaoamka baada ya baridi. Ushauri ukawa usikate nyasi mpaka katikati ya Aprili, ukianza kata kila baada ya wiki sita hivi na uyazoe majani yaliyokatwa, maana yakioza pale yanarutubisha udongo na udongo wenye rutuba unanufaisha nyasi kuliko maua ya porini.

Fikiria mzee aliyekata nyasi za kipilefti kila Jumamosi kwa miaka 25 anaambiwa aziache ziote. Simu zilipigwa halmashauri watu wakilalamika kwamba mji umetelekezwa. Dawa waliyoipata ni rahisi lakini inafanya kazi, unakata ukanda mwembamba wa mita moja kuzunguka lile eneo lenye majani marefu na unasimika kibao chenye picha ya nyuki, basi mpita njia anajua hii imefanywa makusudi. Na kwa vile viumbe hai wana maksi zao kwenye mashindano, na kuna tuzo maalum ya wachavushaji, hata wabishi walibadilika, jaji akiandika kwamba begonia zimezidi utaona mwaka unaofuata vyungu vimejaa lavenda. Vichaka vya kando ya barabara navyo sheria inakataza kuvikata kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31 ili ndege walee makinda.

Pamoja na yote hayo, kuna kitu ambacho koleo na brashi haziwezi. Magofu. Sensa ya 2022 ilihesabu nyumba zaidi ya 166,000 zisizokaliwa nchi nzima, hapo bila kuhesabu zile za mapumziko, na nyingi utazikuta barabara kuu kabisa ya mji, mwenye nyumba alikufa, warithi wako Boston na Sydney na hawaelewani. Kamati haina mamlaka juu ya mali ya mtu. Inachoweza ni kuomba ruhusa ya kupaka rangi ukuta wa mbele, na baadhi huziba madirisha kwa mbao halafu wanachora mapazia na paka amekaa dirishani, ukipita na gari unadanganyika. Wenye meno ni halmashauri, wana sheria ya majengo yaliyotelekezwa ya 1990 na tozo ambayo tangu 2020 ni asilimia 7 ya thamani ya jengo kwa mwaka, shida ni kwamba halmashauri nyingi zimekuwa zikiitoza kwa kusuasua. Kwa hiyo unakuta mji una medali ya dhahabu na mto msafi na nyuki wake, na katikati yake kuna nyumba nne ambazo katibu wa kamati anaziandikia barua halmashauri kila mwaka, na jaji naye kila mwaka anazitaja kwenye ripoti.