Je, wajua? Umeme wa gitaa la umeme unatoka kidoleni

Tarehe 6 Oktoba 2020 alifariki Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Marekani iliyobeba jina la ukoo wake. Alikuwa na miaka 65, na maradhi yalikuwa saratani. Habari ilipofika barazani kwetu Kikwajuni, Unguja, kaka mmoja wa mtaani, shabiki wa bendi hiyo tangu enzi za kanda, alishinda kimya kama aliyefiwa na jirani. Jioni akasema: "Sauti ile ndiyo imeondoka." Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamjibu: "Kaka, si gitaa lake lipo? Na mashine zake zipo. Apewe mwengine achomeke, apige." Hakunijibu. Alinitazama tu, nikajua nimekosa adabu kwenye msiba wa watu.

Kama humjui Van Halen, huenda umeshamsikia bila kujua. Lile gitaa linalopiga mayowe katikati ya "Beat It" ya Michael Jackson, mwaka 1982, ni lake, na alilipiga bila malipo. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, akahamia California utotoni, akaanzisha bendi na kaka yake Alex mpiga ngoma, na albamu ya kwanza ikatoka 1978. Mwimbaji wao David Lee Roth aliondoka 1985. Mwaka 2007 wakarudiana, kama mke na mume waliochoka kugombana, safari hii mtoto wa Eddie, Wolfgang, wa miaka 16, akishika besi. Onyesho lao la mwisho lilikuwa Hollywood Bowl, Los Angeles, tarehe 4 Oktoba 2015. Maonyesho hayo ya kurudiana ndiyo kaka yetu anayoyatunza kuliko albamu za ujanani. Ana rekodi ya Tokyo Dome ya 2013, na mwenyewe anakiri kwamba sauti ya Roth humo imeshachuja. "Lakini msikilize Eddie," atakwambia.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana silo langu peke yangu. Niliamini gitaa la umeme linalia kwa umeme. Yaani waya unatoka ukutani, unaingia kwenye gitaa, unapita kwenye nyuzi, na kidole kazi yake ni kama kubonyeza kengele ya mlango: ukibonyeza wewe au akibonyeza mpishi, mlio ni ule ule. Ndiyo maana nilidhani sauti ya marehemu imebaki ndani ya mbao zake. Nilikuwa hata naogopa kuligusa gitaa lenyewe mvua ikinyesha.

Ushahidi wa kunirudi nilikuwa nao miaka mingi. Desemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipata hitilafu, na Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu. Katika giza lile, kaka huyu alikuwa akipiga gitaa barazani kwa kispika kidogo cha betri. Nilikaa pembeni yake usiku baada ya usiku, nikila karanga, na sikujiuliza hata mara moja gitaa linapata wapi umeme. Kispika kilikuwa na betri zake. Gitaa halikuwa na kitu.

Kilichonifungua macho ni mshipi. Wiki moja baada ya msiba, kaka alilitoa gitaa lake na uzi wa kwanza ulikuwa umekatika. Nyuzi za gitaa hazipatikani kila duka hapa kwetu, nikajitolea kwenda sokoni Darajani, nikarudi na mshipi wa kuvulia, ile nailoni nene. Akaufunga huku anacheka, akaukaza, akaupiga kwa kucha. Mkononi ukatoa mlio mzuri tu: ting. Kwenye spika, kimya. Uzi wa pili wa chuma, spika ikaitika. Mshipi tena: kimya. Sauti imeongezwa mpaka mwisho, waya umechomekwa, umeme upo, na uzi unatikisika mbele ya macho yangu. Kama umeme ndio unaopiga gitaa, kwa nini unabagua?

Unabagua kwa sababu chini ya nyuzi kuna kitu mafundi wanakiita pikapu (haihusiani na gari). Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Wengi hudhani ni kipaza sauti kidogo. Sivyo. Kipaza sauti kinasikia hewa. Pikapu inahisi chuma.

Chukua dainamo ya zile baiskeli za wazee. Ndani yake kuna sumaku na waya uliozungushwa. Ukikanyaga, gurudumu linazungusha sumaku, na kwenye waya unazaliwa umeme wa kuwasha taa. Ukikanyaga kwa kasi taa inang'aa, ukizembea inafifia, ukisimama ni giza. Hakuna betri. Umeme ule ni miguu yako iliyobadilishwa umbo, na kanuni yenyewe, kwamba sumaku ikicheza karibu na waya huzaa umeme, ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831. Gitaa la umeme ni dainamo ya vidole.

Tofauti ni kwamba kwenye gitaa sumaku haisogei. Hapa fikiria chandarua. Umelala ndani, macho umefumba, na mtu nje anakigusa upembe mmoja. Humuoni, lakini chandarua kizima kinatikisika na unajua kama kimeguswa na paka au ameingia mtu. Nguvu ya sumaku imetanda juu ya pikapu kama chandarua hicho, na uzi wa chuma umo ndani yake, nao umeshaambukizwa usumaku kidogo. Uzi ukicheza, chandarua kinacheza. Waya wa shaba ndio aliyelala, na kila mtikisiko anausikia kama msukumo mdogo wa umeme. Uzi wa tano ukipigwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme utakwenda na kurudi mara 110 kwa sekunde. Ukiuvuta kwa kidole ukalia kama mtu anayeomboleza, umeme nao unavutika hivyo hivyo. Mshipi wangu wa nailoni kwenye chandarua hicho ni mzuka: unapita bila kukitikisa.

Wapiga udi wa taarab watakuwa wameshacheka. Udi nyuzi zake ni nailoni, na zile nene zimezungushiwa shaba au fedha, ambazo sumaku haizitambui pia. Ndiyo maana jukwaani udi huwekewa kipaza sauti, au kidude cha kubandika kinachohisi mtikisiko wa mbao. Pikapu ya gitaa ukiiweka chini ya udi utapata kimya cha bei ghali.

Kwa hiyo umeme unaotoka kwenye gitaa ni sehemu ndogo tu ya volti, hauwashi hata taa ya tochi, na umezaliwa na mkono wa mpigaji. Umeme wa ukutani unakuja baadaye, kwenye amplifaya, kukikuza kilichokwisha kusemwa. Hapo ndipo inabidi nijizuie, nisije nikahama kosa moja nikaangukia la pili. Amplifaya si karani anayenakili tu. Ikizidiwa hukwaruza sauti, na mkwaruzo huo ndio nusu ya utamu wa roki. Van Halen aliunganisha amplifaya yake na kifaa cha kupunguzia umeme, ikawa inapata karibu volti 90 badala ya 120 za kwao. Yaani alijitengenezea makusudi ule umeme mdogo ambao sisi ukitujia tunakimbilia kuchomoa friji. Gitaa lake alilichonga na kuliunga mwenyewe kutoka vipande vya magitaa tofauti, na pikapu yake akaichovya kwenye nta ya moto. Waya wa pikapu ukilegea hutikiswa na sauti ya spika na kuanza kupiga filimbi wenyewe. Nta inaushika utulie. Kuhusu aina ya mbao inachangia kiasi gani, mafundi wanabishana na ushahidi ni mwembamba, kwa hiyo nawaachia.

Lakini kuna kisa ambacho Ted Nugent, mpiga gitaa mwengine wa Marekani, amewahi kukisimulia: aliwahi kulishika gitaa la Eddie, kwenye mashine za Eddie, akapiga, na kilichotoka kilikuwa Ted Nugent. Kisa cha mtu mmoja si jaribio la maabara. Hata hivyo kinakubaliana na dainamo: baiskeli ni moja, miguu imebadilika. Mahali kucha inapoupiga uzi, karibu na daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi mwishoni) au katikati, kidole cha kushoto kinavyobana, muda kinaongoja kabla ya kuachia, vyote vinafika kwenye waya wa shaba kama vilivyo. Gitaa lenyewe, lililowahi kuonyeshwa Metropolitan Museum mjini New York mwaka 2019, lilikaa humo bila kutoa hata mlio.

Nilimwendea kaka kumuomba radhi. Akanikaribisha kahawa, akaweka Tokyo, kisha akachukua gitaa akaanza kumfuata Eddie kwa mbali. Mshipi ulikuwa bado umo. Kila alipofika uzi wa kwanza, spika ilinyamaza, na sisi tuliokaa karibu naye tukasikia ting.