Mkia wa Super Cub ukicheza, usikimbilie waya

Kapteni aliniambia mkia wa ndege yake, Super Cub, unacheza, na kwamba waya zinazoushikilia zimeshakazwa mara mbili. Nikashika ncha ya bawa la mkia, nikainua kidogo kama mtu anayepima uzito wa kuku sokoni. Tak. Nikashusha. Tak.

Super Cub, ndege ndogo ambayo kampuni ya Piper ilianza kuiuza mwaka 1949 na ambayo nchini Kenya imetumika sana kupiga doria mbugani, haina kile kibao kidogo cha trimu, yaani cha kusawazisha ndege, nyuma ya elevata, ile sehemu ya mkia inayoinua na kushusha pua. Rubani akizungusha mkono wa trimu ulio kushoto kwake, kebo inazungusha skrubu iliyosimama wima ndani ya mkia, nayo inapandisha au kushusha ukingo wa mbele wa bawa lote la mkia. Ukingo wa nyuma ndio egemeo. Yaani bawa linashikiliwa na kitu kilichoundwa kutembea, na kinachotembea hulika.

Ndiyo maana sipendi kuanza na waya. Ukizikaza sana bawa linabanwa, mlio unapungua, unaridhika. Kumbe pengo liko palepale, na umeongeza mzigo kwenye bawa la wima. Mkia uliolegea unaweza kuanza kupigapiga wenyewe ndege ikishika kasi, na ukianza hivyo huna muda wa kufikiri.

Mimi hutumia kidole. Msaidizi anatikisa ncha, nami naweka kidole pale vyuma viwili vinapokutana, nusu juu ya hiki, nusu juu ya kile. Ngozi huhisi kabla jicho halijaona. Egemeo la nyuma: kimya. Bolti za bomba linalounganisha bawa la kulia na la kushoto: kimya, matundu bado ni ya duara. Kwenye skrubu kidole kikagongwa. Nati yake ilikuwa imelika nyuzi, na grisi ilikuwa imechanganyika na vumbi la murram ikawa msasa.

(Ukishafungua humo, chungulia pia mabomba ya chini ya fremu. Ndege hii huegeshwa mkia chini, maji yote hukimbilia huko, na kutu huanzia ndani.)

Tulibadilisha skrubu na nati kwa pamoja; nati mpya juu ya skrubu kuukuu haidumu. Ndipo zikaja waya. Ncha moja ina nyuzi za kulia, nyingine za kushoto, kwa hiyo unazungusha waya yenyewe. Usiishike kwa koleo, maana mkwaruzo mdogo ndio mwanzo wa ufa. Mimi nina kipande cha mbao nilichokichonga mfereji. Nikaweka pima maji, nikalinganisha pande mbili, nikaelekeza ukingo mwembamba wa kila waya kwenye upepo, nikafunga nati za kuzuia.

Kapteni akainua ncha. Kimya. Kisha akagusa waya moja, akakunja uso.

“Fundi, mbona zimelegea kuliko nilivyozileta?”

“Zilikuwa zinafanya kazi ya skrubu, Kapteni.”