Akiba si taka: kabla hujaniuliza tena programu ya kusafisha Linux

Nimeulizwa tena. "Kaka, kompyuta imekuwa nzito. Kule Windows nilikuwa na programu yangu, nabonyeza kitufe kimoja, kila kitu safi. Huku Linux watu wanatumia ipi?" Safari hii aliyeuliza hakusubiri hata jibu. Alishasakinisha BleachBit, akaona imemletea aikoni mbili, ya kawaida na ya mtumiaji mkuu, akafungua zote mbili na kutia tiki kila kisanduku, vikiwemo vya nywila za kivinjari. Programu ilimwonya. Akabonyeza sawa, kama tunavyobonyeza sawa sote. Kompyuta ikabaki nzito vilevile, ila sasa hawezi kuingia kwenye barua pepe yake.

Imani yenyewe ni hii: mfumo hukusanya uchafu kadiri unavyotumika, uchafu huo ndio unaoupunguzia kasi, kwa hiyo lazima kuna fagio mahali. Ilizaliwa Windows, enzi za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), na hata huko haikuwa na miguu: Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista. Linux haina rejista. GNOME, mojawapo ya maeneokazi ya Linux, ina hifadhi ya mipangilio iitwayo dconf, ambayo kwa mtumiaji wa kawaida ni faili moja ndogo ndani ya `~/.config`. Ukiisafisha umepoteza mandhari yako na njia za mkato za kibodi, basi. Mipangilio mingine karibu yote ni faili za maandishi zilizolala, na faili iliyolala haili CPU.

Ndiyo maana nami hujibu kwa swali: diski imejaa, au kompyuta ni nzito? Hayo ni magonjwa mawili. Uzito hauponi kwa kufuta. Angalia `free -h` (hali ya RAM), fungua `htop` (programu zinazokula CPU na RAM), gusa kompyuta kama imechemka. Kama tatizo ni kuwaka polepole, kuna `systemd-analyze critical-chain`, inayoonyesha huduma zilizosubiriana. Usiniletee matokeo ya `systemd-analyze blame` peke yake, maana huduma nyingi huwaka kwa pamoja, na iliyochukua sekunde 20 huenda haikumchelewesha mtu yeyote.

Sasa kuhusu kache, jambo linalonikosesha usingizi. Programu nyingi za kusafisha hufungua kwa kukuonyesha namba kubwa, "GB 6 za taka zimepatikana", na ukitazama ndani, GB 5 ni kache. Waliolitafsiri neno hilo kwa Kiswahili kuwa *akiba* walielewa kitu ambacho waandishi wa programu hizo hawataki ukielewe. Akiba huwekwa kwa makusudi. Kivinjari kimeweka picha na skripti za tovuti ili kisizipakue upya. Mesa, programu ya michoro ya Linux, imeweka sheda (programu ndogo za kuchora picha) zilizokwisha kukompailiwa ndani ya `~/.cache` ili mchezo wako usikwamekwame kila unapofungua mlango mpya. Kidhibiti cha faili kimeweka vijipicha ili folda yenye picha elfu tatu ifunguke bila kuzisoma zote upya. Ukifuta vyote hivyo kila Jumapili, kila Jumatatu kompyuta inaanza kazi ile ile upya: inapakua, inakompaili, inachora. Umelipa kwa muda, umeme na bando, na baada ya siku nne GB 5 zimerudi palepale. Halafu unaniambia "uchafu unarudi haraka sana, nitafute programu kali zaidi." Unaorudi ni utumiaji wako!

Tena akiba hizi nyingi zina kikomo. Kivinjari kina kikomo chake. GNOME hupunguza vijipicha yenyewe. Kwa chaguo-msingi huweka visivyozidi siku 180 au MB 512. Hakuna anayekuomba umsaidie.

Akiba ya RAM ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu huiona kwenye `free -h`, anasoma safu ya *free* imebaki MB 200, anashtuka, kisha anakuta mahali ile amri ya kuandika 3 ndani ya `/proc/sys/vm/drop_caches`. Wengine wameiweka kwenye cron (kiratibu cha kazi za kujirudia), kila saa! Kerneli, kiini cha mfumo, hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi huiachia papo hapo. Safu ya kusoma ni *available*. Nyaraka za kerneli zenyewe zinasema wazi kwamba drop_caches haishauriwi nje ya majaribio na uchunguzi wa hitilafu. Unachofanya kila saa ni kuitupa akiba kisha kuilazimisha diski isome upya vitu vilevile. Ukiona *swap* (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) imejaa na *available* iko chini, hilo ni tatizo la kweli, na bado halitibiwi kwa amri hiyo.

Haya, nipunguze hasira, maana upande wa pili nao una haki yake. Si kila kilichomo `~/.cache` kina adabu. Zana za watengenezaji programu huweka humo vitu bila kikomo, na siku hizi mifumo ya lugha ya akili bandia unayopakua kujaribu mara moja hukaa `~/.cache/huggingface` kwa makumi ya GB. Hapo kufuta ni halali kabisa. Lakini aliyejua ni wewe uliyepima, si fagio. Fagio huona jina la folda tu. Halijui kama mfumo wa GB 15 ndio unaoufanyia kazi kesho asubuhi, ukiwa huna mtandao.

Kwa hiyo programu zangu za "kusafisha" ni za kupimia. `df -h` kwanza kujua sehemu ipi ya diski imejaa. Kisha `ncdu -x /` ikiwa niko kwenye terminali (dirisha la kuandika amri). Hiyo `-x` huizuia isivuke kwenda diski nyingine. Ongeza `-r` kama una vidole vyepesi, kwa kuwa ncdu ina kitufe cha kufutia na `-r` hukizima. Asiyependa terminali ana Baobab kwenye GNOME na Filelight kwenye KDE, na duara zao zenye rangi zinaonyesha kwa dakika mbili kitu ambacho fagio haligusi kamwe: folda ya Downloads, mashine pepe ya mwaka juzi, au `/var/lib/docker`. Mara nyingi mno jibu ni Downloads, na watu hawalipendi.

Ukikuta `df -h` inasema kuna nafasi na mfumo unalalamika hakuna, tazama `df -i`: huenda inodi (nafasi za kusajili faili) zimekwisha kwa mamilioni ya faili ndogondogo. Kinyume chake, umefuta faili kubwa na nafasi haikurudi? Kuna programu bado imeishikilia. Amri ya `lsof +L1` itakutajia jina lake. Na kama unatumia mfumo wa faili wa Btrfs wenye snapshoti (nakala za hali ya diski ya wakati fulani), za Timeshift au Snapper, faili uliyofuta bado imeshikiliwa na snapshoti, na unaweza kufuta hadi jua lizame bila kupata hata MB moja mpaka snapshoti yenyewe iondoke. Nimeona mtu akifuta picha za familia kwa sababu hii. Nafasi haikurudi. Picha, kwa bahati, zilirudi, kwa sababu ile ile.

Vifurushi (programu kama zinavyosakinishwa kwenye Linux) nitavipitia haraka, kwani kidhibiti cha vifurushi kinajua kazi yake kuliko programu yoyote ya nje. Kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao ni `apt clean` na `apt autoremove`. Amri ya `apt`, tofauti na `apt-get`, kwa chaguo-msingi hufuta yenyewe vifurushi ilivyopakua baada ya kusakinisha, kwa hiyo usitarajie makubwa. Fedora huweka kerneli tatu na kuondoa za zamani. Arch wana `paccache -r`, inayobakiza matoleo matatu ya kila kifurushi. Amri ya `pacman -Scc` hufuta yote, na siku sasisho likiharibika utatamani lile toleo la jana. Flatpak ina `flatpak uninstall --unused`. Snap hubakiza matoleo mawili ya kila programu kwenye kompyuta ya kawaida, na huwezi kuiambia ibakize pungufu ya hapo. Na tafadhali usiingie `/boot` na `rm` mkononi. Kerneli ya zamani huondolewa kama kifurushi, la sivyo siku moja kompyuta itawaka na kukuonyesha skrini nyeusi yenye neno moja la kukukatisha tamaa.

Lakini nami nisijifanye malaika. Miaka kadhaa iliyopita niliondoa programu moja ya mezani ambayo sikuwahi kuitumia. Kifurushi kikuu cha eneokazi kilikuwa kinaitegemea, kikaondoka nayo, na `autoremove` iliyofuata ikaona mazingira yote ya eneokazi sasa ni yatima. Ikaniorodhesha vifurushi mia na ushee, ikaniuliza kwa heshima. Nikabonyeza Y huku nikimjibu mtu ujumbe. Tangu siku hiyo nasoma orodha, na nilichokitaka kibaki nakiwekea `apt-mark manual`. Programu zenye kitufe kimoja huniogofya kwa sababu hiyo hasa: nyingine huita `autoremove` hiyo hiyo kwa niaba yako, na orodha huioni.

Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, nazo zina kisa chake. Jarida la systemd, kisimamizi cha huduma za mfumo, kwa chaguo-msingi hujiwekea mpaka wa asilimia 10 ya sehemu ya diski lilipo, na halivuki GB 4. `journalctl --disk-usage` itakuambia limefikia wapi, na `journalctl --vacuum-size=200M` italipunguza. Sawa. Ila likijaa ndani ya siku mbili, kuna draiva au huduma inayopiga kelele, na wewe unamfuta shahidi ili umwachie mhalifu. Isome kwanza. Mistari elfu hamsini inayofanana haihitaji macho ya daktari.

Basi programu zenyewe. Najua ndicho mlichokuja kutafuta.

BleachBit naiheshimu. Ni huria, bado inatunzwa, ina kitufe cha kuhakiki kinachoorodhesha kila faili kabla ya kufuta. Naitumia ninapogawa kompyuta au kutumia ya mtu, yaani kwa faragha. Hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Kisanduku cha kufuta nafasi tupu nakiacha: kinachukua masaa, na kwenye SSD kidhibiti cha diski ndicho kinachoamua data iandikwe wapi, kwa hiyo kuandika juu yake hakukuhakikishii chochote zaidi ya uchakavu. Faragha ya SSD ni usimbaji fiche tangu siku ya kwanza. Kisanduku cha kuondoa lugha nacho kinafuta faili zinazomilikiwa na vifurushi bila kidhibiti kujua, na sasisho linalofuata linazirudisha.

Stacer inapendeza macho. Mwandishi wake wa awali aliiacha, na toleo lake la 1.1.0 ni la 2019. Programu iliyoachwa, inayodai nywila yako ya msimamizi, yenye orodha ya folda za kufuta zilizopangwa kwa mifumo ya miaka hiyo, mimi siifungulii mlango. Kumbuka kilichowapata watumiaji wa CCleaner, fagio maarufu la Windows, mwaka 2017: toleo la 5.33 lilisambazwa rasmi likiwa na programu hasidi ndani yake. Aliyeshika fagio ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Skripti za mstari mmoja unazonakili mtandaoni nazihesabu fungu hilohilo.

Lipo jambo moja linaloniumiza kulisema baada ya kelele zote hizi. Diski iliyojaa kabisa hupunguza kasi kweli. SSD iliyobakiwa na nafasi finyu hupata shida kupanga maandishi mapya, na Btrfs iliyokaribia kujaa ni kero tupu. Kwa hiyo anayeniambia "nilifuta GB 40 na kompyuta ikachangamka" simwiti mwongo tena. Zamani nilikuwa namwita. Wala siwezi kumpa mpaka mmoja wa kila diski. Mimi hubakiza kama sehemu moja kwa tano tupu, na huo ni mazoea kuliko hesabu. Hakikisha pia `fstrim.timer` (inayoiambia SSD sehemu zipi hazitumiki tena) inafanya kazi, na usifikirie kabisa kufanya difragi (kupanga upya vipande vya faili) ya SSD. Na ndiyo, bado naondoa mabaki ya vifurushi vyenye alama ya `rc` kwenye `dpkg -l`, ingawa ni KB chache zisizomdhuru mtu. Nafanya kwa sababu yananikera machoni, siyo kwa sababu yoyote ya kitaalamu.

Tukirudi kwa yule kijana: diski yake ilikuwa na nafasi nusu nzima. RAM GB 4, swapi imejaa pomoni, na kivinjari kikiwa na vichupo 63. Tukafunga 50, kompyuta ikaanza kupumua. Akanishukuru sana, kisha akaniuliza kama kuna programu nzuri ya kusafisha vichupo.